Ndege ya Hiroshima na Maonyesho Yaliyofutwa: Kisa cha Makumbusho ya Serikali Kilichoamuliwa Nje ya Mahakama

Kuhusu kisa hiki

Makumbusho ya taifa yalitaka kueleza habari za bomu la atomiki, yakaishia kuonyesha kipande cha ndege pamoja na maelezo ya namna kilivyosafishwa. Hayo yalitokea Washington kati ya 1994 na 1995. Ndege yenyewe, Enola Gay, na taasisi inayoimiliki, Smithsonian, haviwezi kufichwa, kwa kuwa kumbukumbu zake ziko wazi kwa umma. Niliyoyaondoa ni majina ya watu. Nitawataja kwa vyeo vyao, na kwa somo letu vyeo ndivyo vyenye uzito. Swali la kisa hiki ni moja: ndani ya makumbusho ya serikali, nani kisheria ana neno la mwisho juu ya maandishi yanayobandikwa ukutani?

Usuli

Enola Gay ni ndege ya kijeshi aina ya B-29. Tarehe 6 Agosti 1945 iliangusha bomu la kwanza la atomiki kutumika vitani, juu ya mji wa Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi uliotengeneza bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, nchi ya migodi ambayo wafanyakazi wake walielewana kwa Kiswahili. Msomaji wa Lubumbashi kwa hiyo ana haki ya kukifuatilia kisa hiki kwa karibu kuliko wengi wetu.

Smithsonian ilikabidhiwa ndege hiyo mwaka 1949. Kwa miaka mingi haikujulikana ifanyiwe nini. Ilikaa nje katika uwanja wa jeshi la anga karibu na Washington, ndege wa angani wakijenga viota ndani yake na watu wakichomoa vipuri, mpaka ilipovunjwa vipande na kuwekwa bohari huko Maryland mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukarabati ulianza 1984. Mwaka 1987 Makumbusho ya Taifa ya Anga na Safari za Anga za Juu, yaliyo chini ya Smithsonian, yakapata mkurugenzi mpya, mwanasayansi wa elimu ya nyota. Akaamua kwamba ndege hiyo ionyeshwe 1995, katika kumbukumbu ya miaka 50 ya mwisho wa vita, na ionyeshwe pamoja na historia yake yote: kwa nini bomu lilitumiwa, lilifanya nini ardhini, na lilizaa dunia ya namna gani.

Sheria zilizokuwepo

Smithsonian iliundwa na Bunge la Marekani kwa sheria ya 1846, kutokana na mali aliyoiacha kwa wasia Mwingereza James Smithson. Ni taasisi ya amana, lakini wadhamini wake ni wakubwa wa dola. Bodi ina wajumbe 17: Jaji Mkuu, Makamu wa Rais, maseneta 3, wajumbe 3 wa Baraza la Wawakilishi na raia 9. Fedha zake nyingi hupitishwa na Bunge kila mwaka. Anayeiendesha siku kwa siku huitwa Katibu, na wakurugenzi wa makumbusho wako chini yake.

Makumbusho ya anga yenyewe yaliundwa kwa sheria ya 1946. Yalipewa kazi ya kuadhimisha maendeleo ya usafiri wa anga wa taifa, kukusanya na kuhifadhi vyombo vyenye umuhimu wa kihistoria, na kutoa nyenzo za kusomea historia hiyo. Kuadhimisha na kusomesha ni kazi mbili, na sheria haisemi ipi itangulie zinapogongana. Ufa ulianzia hapo.

Kisha kuna sheria ya 1961. Ilitungwa kwa ajili ya mpango wa makumbusho ya majeshi ya taifa ambayo hayakujengwa kama yalivyokusudiwa, lakini maneno yake yalibaki vitabuni. Yanasema Smithsonian itaadhimisha na kuonyesha mchango wa majeshi ya taifa, na kwamba ushujaa na kujitoa kwa wanaume na wanawake wa majeshi hayo kutaonyeshwa kama mfano wa kuwatia moyo watu wa sasa na wa vizazi vijavyo. Kwa zaidi ya miaka 30 ni wachache waliokishughulikia kifungu hicho. Mwaka 1994 kilifufuliwa.

Kanuni za nyuklia zenyewe hazikuwa na sehemu kubwa katika ugomvi huu, ingawa makumbusho yalikuwa yamekwisha kuonja makali yake. Chini ya sheria ya nishati ya atomiki ya 1954, habari za muundo wa silaha huwa siri tangu zinapozaliwa, na vifaa vyake havichezewi. Mwaka 1986 Wizara ya Nishati ililichukua bomu lisilo na urani la aina ya Little Boy, ile iliyoangushwa Hiroshima, lililokuwa likionyeshwa katika makumbusho hayo, ikatoa vyuma vya ndani asije mtu akaliiba na kulitumia, na kulirudisha 1993. Kuhusu chuma, basi, sheria ilikuwa wazi kabisa: nani achukue, nini kitolewe, nini kirudi. Maneno yatakayoandikwa kando ya chuma hicho hayakuwa na mwongozo wa aina hiyo.

Mfuatano wa matukio

Andiko la kwanza la maonyesho lilikamilika Januari 1994. Lilikuwa na sehemu tano: mapigano ya mwisho ya Pasifiki, uamuzi wa kutumia bomu, ndege na wanajeshi wake, hali ya Hiroshima na Nagasaki ardhini, na mashindano ya silaha yaliyofuata. Miji hiyo miwili ya Japani ilitarajiwa kuazima vitu kutoka makumbusho yake. Kilichozungumzwa kuliko vyote ni kibati cha chakula cha mtoto wa shule, wali na njegere zikiwa zimeungua ndani yake kuwa mkaa.

Februari kamati ya washauri, wanahistoria wa raia na wa jeshi, ililipitia andiko. Kwa jumla ililisifu na kupendekeza marekebisho. Mkurugenzi alikuwa na sababu ya kuamini kwamba njia ni nyeupe.

Andiko likafika kwenye chama cha marafiki wa jeshi la anga. Majira ya Aprili jarida la chama hicho lilichapisha shambulio kali. Lilihesabu picha za mateso ya Wajapani na za mateso ya Wamarekani, likaziweka kando kwa kando. Lilinukuu sentensi mbili zilizosema kwamba kwa Wamarekani wengi vita vile vilikuwa vya kulipiza kisasi, na kwa Wajapani wengi vilikuwa vya kulinda utamaduni wao dhidi ya ubeberu wa Magharibi. Uvamizi uliofanywa na Japani ulitajwa katika aya za jirani, lakini nani angezisoma? Sentensi mbili zilizotoka peke yake zilikuwa zimekwisha kuzunguka nchi nzima.

Tangu hapo andiko liliandikwa upya mara kwa mara. Hadi mwisho matoleo yalifika matano. Tarehe 23 Septemba 1994 Seneti ilipitisha, bila upinzani, azimio lililosema andiko linapotosha historia na linawaudhi askari wastaafu. Azimio hilo lilinukuu maneno ya ile sheria ya 1961. Siku hizohizo Katibu mpya, profesa wa sheria aliyewahi kuongoza chuo kikuu, alikuwa ndiyo kwanza ameingia ofisini. Akakubali wahifadhi, yaani wataalamu wa makumbusho walioandaa andiko, wakae na chama kikubwa kabisa cha askari wastaafu na kupitia andiko mstari kwa mstari.

Novemba chama cha Republican kilishinda mabunge yote mawili. Wanahistoria nao, waliokuwa kimya, wakaanza kupiga kelele upande wa pili: makumbusho yanakatakata ushahidi ili kuwaridhisha watu.

Januari 1995 maji yakazidi unga. Kulikuwa na takwimu ya Wamarekani ambao wangeumia au kufa kama Japani ingevamiwa kwa nchi kavu. Wastaafu wengi waliamini bomu liliokoa maisha ya nusu milioni au hata milioni ya wenzao. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha kukubaliana juu ya namba moja kubwa. Mwanahistoria mmoja akamwonyesha mkurugenzi hati za wakati ule, naye tarehe 9 Januari akawaandikia wastaafu kwamba namba hiyo itabadilishwa kuwa 63,000. Kwa wastaafu huo ulikuwa uvunjaji wa ahadi. Wakadai maonyesho yafutwe. Wabunge 81 wakaandika barua kutaka mkurugenzi aondoke.

Tarehe 30 Januari Katibu aliyafuta maonyesho. Alisema lilikuwa kosa la msingi kuunganisha uchambuzi wa kihistoria wa silaha za atomiki na kumbukumbu ya miaka 50 ya mwisho wa vita.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na mimi naona ndio uliozaa mengine, ulikuwa wa tarehe. Mwaka 1995 ulichaguliwa kwa sababu ungeleta watu, wafadhili na magazeti. Mwaka huohuo askari waliokuwa na miaka 20 vitani walikuwa na 70, na wengi wao waliamini wako hai kwa sababu ya ndege ile. Wahifadhi waliwaona kama mashahidi wa kuhojiwa, huku wenyewe wakidhani wanaandaliwa heshima. Kwa sheria ya 1946 hakuna aliyekosea: mmoja alikuwa amesimama kwenye neno la kusomesha, mwingine kwenye neno la kuadhimisha.

Uamuzi wa kuketi na chama cha wastaafu mstari kwa mstari ulikuwa na mantiki ya kisiasa. Chama kile kilionekana kuwa mtu mzima wa kuzungumza naye, na baraka yake ingewanyamazisha wengine. Ila kisheria makumbusho yaligawa madaraka yao bila hati. Hakuna waraka uliosema kama wastaafu ni washauri, wahariri au wenye kura ya turufu. Kwa hiyo namba ilipobadilishwa Januari, mkurugenzi aliona anatumia mamlaka yake ya kitaaluma, na chama kikaona anavunja makubaliano. Wote wawili walikuwa wanasema kweli kwa namna walivyoelewa.

Kufuta ulikuwa uamuzi wa Katibu, na alikuwa na uwezo nao kamili. Baada ya Novemba, kamati za fedha za Bunge zilikuwa mikononi mwa watu waliolikasirikia andiko. Smithsonian ina makumbusho mengi na maelfu ya wafanyakazi. Hakuna Katibu ambaye angeviweka vyote rehani kwa ajili ya chumba kimoja.

Matokeo

Mkurugenzi alijiuzulu Mei 1995, na mwezi huohuo kamati ya Seneti ikafanya vikao vya kuhoji yaliyotokea. Tarehe 28 Juni yakafunguliwa maonyesho madogo: sehemu ya mbele ya ndege, maelezo ya ukarabati, video ya wanajeshi walioirusha. Yalidumu hadi Mei 1998 na yaliona watu karibu milioni 4. Baadhi ya vitu vya Hiroshima vilionyeshwa Julai 1995 katika chuo kikuu kimoja cha binafsi mjini humohumo Washington, ambacho hakikuhitaji ruhusa ya Seneti.

Agosti 1995 Smithsonian ilitoa mwongozo wa ndani wa kupanga maonyesho, ukieleza hatua za kufuata na wajibu wa wakurugenzi juu ya yaliyomo. Ulikuja baada ya mvua kunyesha, lakini ulikuja.

Mwaka 2003 ndege nzima iliwekwa katika jengo jipya huko Virginia. Kibao chake kilitaja urefu wa mabawa, injini, na kwamba iliangusha bomu Hiroshima. Idadi ya waliokufa haikutajwa. Wanazuoni na wanaharakati waliandika ombi, makumbusho yakakataa. Siku ya ufunguzi mtu alirusha chupa ya kimiminika chekundu, ikabonyeza bati la ndege, na watu wawili wakakamatwa.

Uchambuzi

*Kauli ni ya nani?*

Mjadala mzima wa 1994 uliendeshwa kwa lugha ya uhuru wa maoni. Wahifadhi walisema wanazibwa mdomo. Kwa sheria ya Marekani hoja hiyo ni dhaifu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanamlinda raia dhidi ya serikali, hayamlindi mtumishi anayeandika kwa niaba ya serikali. Maandishi ya ukutani katika makumbusho ya taifa ni kauli ya serikali yenyewe, nayo inaweza kuibadilisha. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilisema hivyo waziwazi pale msanii aliposhtaki kwa kuwa makumbusho mengine ya Smithsonian yalikataa picha yake: taasisi hiyo ni serikali, na kuchagua picha ni kauli ya serikali.

Ila kisu hicho kina makali pande mbili. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa shauri la watu waliotaka Smithsonian ifunge maonyesho ya mageuko ya viumbe, au itoe fedha sawa kuonyesha uumbaji wa Biblia. Kwa hiyo hata wastaafu wangeenda mahakamani kudai chumba kilichosawazishwa, wangetoka mikono mitupu. Hakuna shauri lililoamua kisa hiki, wala hakuna ambalo lingeweza.

Hali ya Smithsonian ina utata mwingine. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ilisema, kwa madhumuni ya sheria ya usiri wa taarifa binafsi, kwamba si wakala wa serikali. Ni serikali inaposema, si wakala inapodaiwa taarifa zake. Mtu akitaka kujua kwa nini wahifadhi walidhani wako huru kuliko walivyokuwa, aanzie hapo.

*Azimio si sheria*

Azimio la Seneti la Septemba halikumlazimisha yeyote. Halikusainiwa na Rais, halikupita Baraza la Wawakilishi, halikuwa na adhabu. Lakini lilinukuu sheria ambayo ina nguvu. Ndiyo maana naona kosa kubwa la kisheria la makumbusho lilitendeka kabla ya Januari 1994: andiko lilitengenezwa bila waraka wa kisheria unaoeleza jinsi linavyotimiza sheria ya 1946 na ya 1961. Hoja ilikuwepo. Kifungu cha 1961 kilitungwa kwa ajili ya makumbusho mengine, na hata kikisomwa kwa upana, kinataka ushujaa wa askari uonyeshwe. Hakikatazi kuonyesha mji ulioungua. Sehemu ya tatu ya andiko ilihusu wanajeshi wa ndege. Wakili angeweza kujenga ngome pale. Hakuna aliyeijenga, na kifungu kilipotolewa hadharani kilisomwa na upande mmoja tu.

Linganisha na sheria iliyounda hifadhi ya taifa ya kihistoria ya mradi wa Manhattan, ule uliotengeneza bomu, iliyopitishwa Desemba 2014 na kuhusisha vituo vyake vya Los Alamos, Oak Ridge na Hanford. Humo Bunge liliandika kwamba lengo ni umma uuelewe mradi na urithi wake. Neno hilo la urithi linampa mtafsiri wa historia mahali pa kuweka mguu anapotaka kuzungumzia Hiroshima, au taka za nyuklia za Hanford. Wahifadhi wa 1994 hawakuwa nalo.

*Kilichofanya kazi*

Si kila kitu kilianguka. Kamati ya washauri iliyochanganya raia na wanajeshi ilikuwa wazo zuri, ila iliitwa kutoa maoni, haikutakiwa kutia sahihi. Vitu vya Hiroshima kuonyeshwa chuo kikuu kunaonyesha kwamba ngozi nyembamba ya sheria za serikali haifuniki mji mzima. Na mwongozo wa Agosti 1995, kwa ubaridi wake wote, uliandika wajibu ambao awali ulielea hewani.

*Mlango wa Livermore*

Kuna njia ambayo haikujaribiwa Washington, na nilishangaa kuikuta upande huohuo wa nyuklia. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ya California ilisikiliza shauri la kikundi cha wapinga silaha dhidi ya Lawrence Livermore, maabara ya silaha za nyuklia iliyoendeshwa na chuo kikuu cha jimbo kwa niaba ya serikali. Maabara ilikuwa na kituo cha wageni. Mahakama ilikiona kituo hicho kuwa jukwaa la umma, ambapo kikundi hakiwezi kunyimwa nafasi kwa sababu ya msimamo wake.

Tofauti na Smithsonian ni ya namna chumba kinavyotumika. Serikali ikisema yenyewe, inachagua maneno. Ikifungua chumba ili watu waseme, haiwezi kuwachuja kwa maoni yao. Katika makumbusho ya maabara ya Los Alamos, mapema miaka ya 1990, wakosoaji wa silaha walipata ukuta wao, wakatundika picha za Hiroshima na Nagasaki, huku maonyesho ya maabara yakibaki kama yalivyo hatua chache pembeni.

Washington ingeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo: ndege na maandishi ya makumbusho katika ukumbi mkuu, na chumba cha pili chenye kanuni zilizoandikwa kuhusu nani anaomba nafasi, kwa muda gani, na kwamba maandishi si ya makumbusho. Kibati cha chakula kingekaa humo kwa jina la mji wa Hiroshima.

Njia hiyo ina bei yake. Los Alamos, ukuta ulipokuwa wazi kwa wakosoaji, askari wastaafu nao walikuja kudai sehemu yao, na makumbusho hayakuwa na sababu ya kisheria ya kuwakatalia. Ukuta ukalazimika kugawanywa.